Singo maza, nina kesi ya dipoti Baltimore: hela baadaye, kwanza naombeni watu

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa kazini, zamu ya usiku, bibi ninayemlea kapitiwa na usingizi na nina kama saa moja kabla sijamgeuza, kwa hiyo nikikatiza katikati mjue nimeitwa, na makosa ya kuandika mnivumilie.

Mimi Mtanzania, niko Maryland, nina watoto wawili nalea mwenyewe. Mkubwa nilikuja naye Agosti 2011 akiwa na miaka 2, mimi na viza ya mwanafunzi yeye mtegemezi wangu, sasa hivi ana 16. Mdogo kazaliwa hapa hapa, ana 9. Shule nilisoma semista tatu ada ikanishinda, nikaacha, nikaingia kubeba maboksi kama wengi wetu na makaratasi yakafa. Hapo sina cha kujitetea, nilijua ninachofanya.

Msala ulianza 2021. Kuna mtu wetu kabisa, Mswahili mwenzetu, anafanya mambo ya makaratasi ya watu, kodi, pasipoti, viza, akaniambia dada wewe umeshatimiza miaka kumi nchini na una mtoto raia, kuna greenkadi ya miaka kumi, wenzako wote wanaichukua wewe umelala. Dola 4,500 kwa mafungu matatu. Nikasaini hapa, nikasaini hapa, kurasa zenyewe kazifunika juu, yaani nimeona mistari ya sahihi tu. Baada ya miezi kibali cha kazi kikaja kwa posta na mimi nikampigia vigelegele kwenye simu. Akanijibu umeona?

2023 nikaitwa interview. Nimevaa vizuri najua naenda kuchukua greenkadi. Ofisa kafungua faili ananiuliza, kwa upole kabisa, ule mwezi uliopigwa na askari ulikuwa mwezi gani? Nikafikiri sijasikia vizuri. Akanigeuzia karatasi, hadithi ndefu imeandikwa kwa jina langu, nimepigwa, nimefungwa, nimekimbia, na chini pale sahihi yangu mimi mwenyewe ile ya kuviringisha. Nikamwambia sijawahi kupigwa na askari. Akaweka kalamu chini akaniangalia muda mrefu, halafu akaiokota akaanza kuandika. Kumbe yule bwana kanilipua, yaani kaniombea ukimbizi wa uongo, bila mimi kujua nimelipuliwa, hakuna kitu kinaitwa greenkadi ya miaka kumi.

Baada ya hapo zikaja bahasha mbili, yangu na ya mkubwa, maana na yeye alichomekwa kwenye yale maombi. Ndio barua ya kuitwa mahakama ya uhamiaji, wanaiita NTA. Yule bwana simu hapokei.

Sasa sikieni. Miaka miwili nimekaa na hii kitu peke yangu. Bahasha niliificha ndani ya foronya ya mto ambao hatuutumii. Siku za mahakama nawaambia watoto naenda kwa daktari. Kanisani kimya, kwenye kikundi chetu cha kuchangiana misiba kimya, nimechangia misiba ya watu kumi na kitu, harusi sijui ngapi, ya kwangu nimeficha. Aibu tu wakuu, niite aibu. Mwezi uliopita ndio nimepata loya wa kweli, na kitu cha kwanza aliniuliza wala sio pesa, aliniuliza: siku wakikukamata ukiwa kazini, nani anaenda kumchukua mtoto shuleni? Nikakosa jina. Miaka yote hii hapa, nikakosa jina moja.

Kesi inatajwa tena wiki tano zijazo, ana kwa ana sio kwa skrini. Ndio maana nimekuja. Michango najua tunaijua, tutafika huko. Kwanza nataka mtu ambaye jina lake naweza kuliandika kwenye karatasi kwamba huyu ndiye atasimama na wanangu, halafu watu wanaonifahamu waniandikie barua, halafu mtu wa kukaa na mimi kwenye lile benchi. Na mwenye uzoefu anifundishe, hata kwa kunisema. Bibi kaamka.

#2

Pole sana dada. Nimekaa siti ya mbele nasubiri wajuzi.

#3

Mbona unajitesa, mtoto wako ni raia, hawawezi kumtoa mama wa raia. Mimi hapa nina wawili nalala usingizi.

#4

Mkuu #3 hiyo imani itakuponza. Mimi sio wakili, nimefanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji miaka kadhaa na hilo swali nalisikia kila wiki. Mtoto raia hakukingi na kitu. Anaweza kukuombea makaratasi akifika miaka 21, basi. Wazazi wa raia wanatolewa kila siku.

Dada mleta uzi, yule tapeli alichofanya kina historia ndefu, wanawapiga sana Walatino na sisi pia. Kuna msaada wa kweli mahakamani unaitwa kufutiwa amri ya kuondolewa, fomu EOIR-42B, na huo ndio wanaupaka rangi wakauita greenkadi ya miaka kumi. Ila huwezi kuuomba ukiwa nje ya mahakama, ni mpaka uwe na kesi. Kwa hiyo tapeli anakufungulia maombi ya ukimbizi feki makusudi ili yakataliwe usukumwe kwa jaji, na kile kibali cha kazi ni chambo tu, kinatoka kwa sababu maombi yako yako kwenye foleni. Unashangilia huku umeshawekwa kwenye reli ya kutokea.

Sasa masharti. Uwe umekaa miaka 10 mfululizo kabla hujapewa NTA iliyokamilika, na hapa wewe uko salama maana 2011 mpaka 2023 ni 12. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 2018 na tena 2021 kwamba hiyo barua lazima iwe na tarehe na mahali pa kesi kwenye karatasi moja ndio saa ya kuhesabu miaka yako isimame, kwa hiyo loya wako aisome vizuri. Uwe na tabia njema na usiwe na makosa fulani ya jinai. Halafu ndio mfupa wenyewe: uonyeshe kwamba ukiondoka mwanao raia, sio wewe, mwanao, atapata mateso ya kipekee yasiyo ya kawaida. Kulia kwamba atakumiss haitoshi, maana kila mtoto atammiss mama yake, wanataka zaidi ya hapo. Kuwa mzazi pekee hapo kuna uzito, kuna uamuzi wa bodi ya rufaa za uhamiaji wa 2002 wa mama mmoja wa Mexico, watoto sita wanne raia, analea mwenyewe, bodi ikasema usipime jambo moja moja, pima yote kwa pamoja, na akashinda. Na hata ukishinda kuna kikomo cha watu 4,000 kwa mwaka nchi nzima, kwa hiyo unaweza kushinda ukakaa foleni.

La mwisho na ndio la hatari. Yale maombi ya uongo mwambie loya wako KILA KITU, namna ulivyosaini, risiti za malipo, meseji za yule bwana. Jaji akiona kwamba uliwasilisha uongo ukijua, anakufungia karibu kila msaada wa uhamiaji maisha yako yote. Ulichofanya pale kwa ofisa kusema hujapigwa na askari, huenda ndicho kitakuokoa.

#5

#4 umetisha mkuu, hebu cheki PM yangu.

#6

Mimi nitasema msichotaka kusikia. Rudi nyumbani mama. Miaka 14 unakimbizana na karatasi, nyumbani watu wanaishi wanajenga. Mtoto atazoea.

#7 Mleta uzi

#6 sijakasirika, nimeshalifikiria hilo usiku mwingi kuliko wewe. Loya alinieleza kuna kuondoka kwa hiari, unampa jaji neno lako unapewa siku, ukiomba mapema mpaka 120, ukiomba mwisho wa kesi 60, na ukiondoka kweli huandikiwi dipoti. Ukiandikiwa dipoti ukatolewa, miaka 10 usirudi. Hiyo mlango nimeuacha wazi kidogo sijaufunga. Lakini mdogo ana pumu na ana mwalimu maalum wa kuongea, alianza kusema sentensi nzima akiwa na miaka sita, unaniambia nimtoe kwenye mdomo ndio kwanza umefunguka nimpeleke kuanza lugha nyingine. Na huyu mkubwa Kiswahili anakisikia hakisemi. Kurudi naweza mimi. Wao hawarudi, wao wanaenda.

#8

Nimekuelewa mama. Nafuta kauli, sio zote ila ya mtoto atazoea naifuta.

#9

Suluhisho rahisi, tafuta raia ufunge ndoa. Uliingia na viza halali, unabadilishia makaratasi hapo hapo.

#10

#9 acha kumtia mtu wa watu kwenye shimo la pili hajatoka la kwanza. Ni kweli aliyeingia na viza ana nafasi hiyo ambayo aliyepita mpakani hana, lakini ndoa inayofungwa mtu akiwa tayari na kesi sheria inaichukulia ni ya uongo mpaka mthibitishe vinginevyo kwa ushahidi mzito, na ikibainika ni ya kununua amefungiwa milango yote. Kama kuna mtu wanapendana hiyo nyingine. Upo naye dada? Maana umekaa kimya hapo.

#11 Mleta uzi

Hahaha hayupo. Ningekuwa naye ningekosa jina la mtu wa kwenda shuleni?

#12

Mimi nilikuwa na kesi huko nyuma, tarehe ikafika nikaogopa nikasema wakanitafute. Hawakunitafuta. Jaji aliandika dipoti yangu nikiwa nimekaa nyumbani naangalia mpira, nikaja kujua baada ya zaidi ya mwaka. Ukikosa kwa sababu nzito kama ugonjwa una siku 180 za kuomba kesi ifunguliwe, mimi sikuwa na sababu, nilikuwa na uoga tu. Dada NENDA. Najua wote tumeona tangu Mei 2025 watu wanakamatwa kwenye korido za mahakama wakitoka kwa jaji, na mimi sikudanganyi kwamba haitatokea. Lakini usipokwenda imeshatokea.

Halafu kila wiki piga ile laini ya mahakama, 1-800-898-7180, unaweka namba yako ya A, ile ya faili lako la uhamiaji, inakusomea tarehe na jaji, tarehe zinahamishwa kimya kimya. Na ukihama nyumba una siku tano za kazi kuijulisha mahakama kwa fomu EOIR-33, barua ikienda anwani ya zamani wanahesabu umeipata.

#13

Swali kwa mleta uzi, na samahani naingia chumbani kwako. Baba wa huyu mkubwa yuko wapi?

#14 Mleta uzi

Alituacha mtoto akiwa na miezi kumi na moja. Hajawahi kutuma hata vocha. Hata sura mtoto haijui. Kwa nini?

#15

Nilitaka nisikie hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mkalimani mahakamani, sio za uhamiaji, hizi za jimbo za mambo ya familia. Kuna kitu kinaitwa hadhi maalum ya mtoto mhamiaji, kwa kifupi SIJ. Watu wengi wanadhani ni ya watoto waliokuja peke yao au yatima. Sio. Mtoto aliye chini ya miaka 21, hajaoa, akitelekezwa, akiteswa au akitupwa hata na MZAZI MMOJA TU, huku yule mwingine anamlea vizuri, anaweza kuipata. Unaenda mahakama ya jimbo, kwa Maryland ni Circuit Court, unaomba wewe mama upewe haki ya malezi peke yako, na ndani ya ombi hilo hilo unaomba jaji atamke kwamba baba alimtelekeza na haiwezekani kurudiana naye na kwamba kurudishwa huko sio faida ya mtoto. Ile amri ndio inaambatanishwa na fomu I-360 kwenda uhamiaji. Majimbo mengi wanafunga mlango mtoto akifika 18, Maryland walisogeza mpaka 21 mwaka 2014, lakini usisubiri.

Foleni ya viza zake ni miaka, na wewe mama mtu hupati kitu kupitia hiyo, sheria imekata kabisa, mzazi hafaidiki hata siku moja mtoto akija kuwa raia kwa njia hiyo. Ni yake peke yake. Ila ni mlango wa jina lake mwenyewe. Loya wako hakukwambia?

#16 Mleta uzi

Nimesoma hii mara nne. Nimekaa kwenye ngazi za nje kazini nimeisoma tena.

Loya hakuniuliza habari za baba yake, na mimi sikusema, nani anapenda kusimulia hiyo. Ngoja niwaambie kitu kilichotokea Jumapili ile. Loya alinipa orodha ya ushahidi kurasa tatu, rekodi za shule za mdogo, barua ya daktari wa pumu wa mdogo, ripoti za mwalimu wa kuongea wa mdogo, picha za mdogo, maana yeye ndiye raia, kesi yote inasimama juu ya mgongo wa mtoto wa miaka tisa. Mkubwa ndio ananisaidia, anapiga fotokopi, anatoboa matundu, anapanga kwenye faili kwa rangi, kwa moyo wote. Kafika ukurasa wa mwisho kaugeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaniuliza, mama yangu tunaweka wapi?

Nikamwambia yako iko faili lingine. Hakukuwa na faili lingine.

Na ile ya watoto waliokuja wadogo, DACA, nilishaitafuta, wanataka uwe hapa tangu Juni 2007, yeye alikuwa hata hajazaliwa, na maombi mapya wenyewe hawayafanyii kazi. Kwa hiyo #15 Mungu akuweke. Asubuhi nampigia loya.

#17

Nimetoa chozi ofisini hapa, huu uzi upelekwe juu.

#18

Mimi nazungumzia barua maana nimeona watu wanaandikia wenzao barua za hovyo. "Namfahamu fulani, ni mtu mwema mcha Mungu, naomba asaidiwe." Jaji ana rundo la hizo. Andika jina lako kamili, kazi yako, unaishi hapa kihalali kwa hadhi gani, umemjua lini na wapi, halafu TUKIO. Kwamba mwaka fulani mvua ya theluji alitembea kwa mguu kuja kukaa na mama yangu mgonjwa. Kwamba nimemuona kwenye mkutano wa wazazi shuleni yuko na sare ya kazi hajalala. Kitu ulichoona kwa macho yako kuhusu yeye na mtoto. Malizia kwamba unaapa ni kweli chini ya adhabu ya kusema uongo, saini, weka tarehe na fotokopi ya kitambulisho. Na kama wewe mwenyewe huna makaratasi USIANDIKE, hiyo barua inasomwa na mawakili wa serikali, msaidie kwa njia nyingine.

Dada na ile kodi ulikuwa unalipa? Chukua rekodi zako zote IRS, wale watu wa kodi, inahesabika kwenye tabia njema.

#19 Mleta uzi

Kodi nimelipa kila mwaka tangu 2013, hiyo ndiyo kitu pekee nilifanya kwa unyoofu, nacheka.

#20

Dada mimi nimekujua kwa jinsi ulivyoandika hiyo ya foronya. Tulikuwa kikundi kimoja, ulinipikia siku arobaini za uzazi wangu wa pili na hukutaka hata nauli. Nimekutumia PM jina langu kamili. Mimi raia, nyumba yangu iko dakika kumi na mbili toka shule ya mdogo. Andika jina langu.

#21

Hapo sasa.

#22

#20 hongera, ila msiishie kuandikiana PM. Maryland ina sheria ya mlezi wa akiba, tangu 2018 wameongeza wazi wazi kwamba mzazi akikamatwa au kutolewa na uhamiaji ni sababu tosha. Mama anaandika jina la mlezi, anasaini mbele ya mashahidi wawili watu wazima ambao sio huyo mlezi, na siku likitokea mlezi anaanza kazi hiyo siku bila kusubiri mahakama, ana miezi kama sita ya kwenda kuthibitishwa. New York nao walibadili yao mwaka huo huo. Majimbo mengine ulizeni kwanza, yanatofautiana sana. Baada ya hapo mama nenda shule ukamweke kwenye kadi ya dharura, hiyo watu wanasahau, mlezi anafika na hati yake na shule haimjui wanamuita polisi.

Pasipoti ya mdogo anayo?

#23 Mleta uzi

Hana. Nilienda posta wakaniambia mtoto chini ya miaka 16 lazima wazazi wote wawili wakubali, na jina la baba yake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na huyo baba alihama jimbo sijui yuko wapi. Nikarudi.

#24

Kuna fomu DS-5525 ya kueleza kwamba mzazi wa pili hapatikani, unaeleza ulivyomtafuta, inakubaliwa au inakataliwa kutegemea. Lakini kwa kuwa #15 ameshakupeleka Circuit Court, ombea watoto wote wawili haki ya malezi peke yako. Amri ya mahakama kwamba ni wako mwenyewe inamaliza habari ya pasipoti bila kumtafuta mtu. Ukiwa unatolewa na mtoto raia hana pasipoti, ndio pale mama anaondoka mtoto anabaki bila mtu kuamua.

#25

Michango je? Tuambie namba, watu tumeshaguswa.

#26 Mleta uzi

Nitakuja huko. Wakili ni 9,000, nimeshalipa 2,500, anapokea kidogo kidogo. Serikali haikupi wakili kwenye hizi kesi hata ukiwa na mtoto wa miaka mitatu ndiye mshitakiwa, hii ilinishangaza sana, nilidhani ni kama kwenye sinema. Nimeomba mweka hazina wa kikundi chetu ashike, sitashika mimi, na sitaweka picha za watoto wala namba ya kesi mtandaoni maana mjue hata matapeli wanasoma hapa. Tayari kuna mmoja kanifuata PM ananiambia ana "mtu wa ndani". Kaka wa ndani nakusalimia, nilishakutana na nduguyo 2021.

#27

😂😂 Dada umepona.

#28

Kwa wanaosoma kimya kimya ambao wako kama yeye, na najua mpo: anayeruhusiwa kukuwakilisha ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi kwenye taasisi iliyotambuliwa. Mahakama zenyewe zina orodha ya wanaosaidia bure, ipo mtandaoni, omba. Sisi tunamwamini mtu kwa sababu anaongea Kiswahili na anatuita dada.

#29 Mleta uzi (baada ya wiki nne)

Nimerudi kutoa mrejesho, samahani nilikuwa mbioni.

Nimewaambia watoto. Mkubwa alikuwa anajua. Alishaiona bahasha, alikuwa anatafuta foronya mwaka jana mgeni alipokuja, akairudisha ilivyokuwa akanyamaza kwa sababu mimi nimenyamaza. Yaani tumekaa mwaka mzima ndani ya nyumba moja kila mtu anamficha mwenzie kitu kile kile. Mdogo aliuliza kama jaji ana mbwa.

Hati ya mlezi tumesaini, #20 alikuja na mumewe, mashahidi wawili tukawatoa kazini kwangu. Shuleni jina limeingia. Barua nimepata kumi na moja, nilitegemea tatu, moja imeandikwa na mtoto wa yule bibi ninayemlea, Mmarekani, kurasa mbili, kaandika hadi saa ninazomgeuza mama yake usiku. Loya kafungua ombi la malezi Circuit Court kwa watoto wote wawili na la mkubwa kaweka na yale maneno ya SIJ. Aliponiomba nieleze kwa kiapo jinsi baba yake alivyoondoka nilikwama, mkubwa akaniambia mama andika tu, mimi sina kumbukumbu ya kuniuma. Sasa kuna faili la pili kwenye meza, ya kijani, kaipanga mwenyewe.

Ile ya ukimbizi tumeandika kuiondoa na maelezo yote, na wakala nimemripoti, risiti ninazo. Wapo watu wamenipigia kunilaumu kwamba namharibia mwenzetu riziki. Sijui niwajibu nini.

Kitu kimoja kwa mnaokuja nyuma yangu: mara ya kwanza jaji aliponiuliza lugha gani unaielewa vizuri zaidi nilisema Kiingereza, ubishoo tu, nikawa naitikia yes yes nusu sielewi. Mkalimani wa Kiswahili wanakuwekea bure. Safari hii loya ameshaandika Kiswahili.

#30

Tarehe ndio lini, na wangapi mnataka? Nina gari ya watu saba.

#31 Mleta uzi

Alhamisi ijayo, inatajwa tu, siku ya kusikilizwa kwenyewe jaji ndio atapanga. Mpaka sasa wapo watano wa kunisindikiza, wawili zaidi wanatosha, benchi lenyewe fupi. Naombeni wenye uraia tu, hata greenkadi kaeni nyumbani mniombee, sitaki mtu akamatwe kwa ajili yangu. Tukutane saa moja na nusu asubuhi nje ya jengo, sekyuriti foleni inakuwa ndefu, msije na mikanda yenye vyuma vikubwa, simu mzime kabisa mkiingia kwa jaji. Mkubwa lazima aje kwa sababu na yeye kesi yake ni hiyo hiyo. Mdogo anaenda shule kama kawaida, #20 atakaa na simu mkononi siku nzima, nimemwachia inhela mbili, ile ya bluu ni ya kila siku na ile ya pili akianza kukohoa.